Wa Kumpeleka Skuli Ni Mimi

Jumatatu, 28 Agosti 2023

Leo nimeshinda vita. Nusu vita. Naandika hasira hazijapoa.

Uingereza yote imepumzika, sikukuu ya mabenki. Nyumba hii haipumziki. Binti yangu Zeyana karudi kutoka hospitali na viatu mkononi. Mumewe Abdulsamad karudi kutoka kituo cha treni cha Stratford, sauti imemkauka kwa kuwaambia watu wasisogelee reli. Kikao cha dharura mezani. Ajenda moja: mjukuu wangu Thuwaiba anaanza skuli wiki ijayo. Mama zamu yake inaanza alfajiri. Baba vilevile. Nani atampeleka?

Nikakohoa. Nikakaa sawa. Nikangoja kuombwa.

Wakasema Balbir.

Balbir! Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta! Singh wa Nakuru, fundi bomba mstaafu, anayempeleka mjukuu wake skuli hiyohiyo kila siku na mwavuli wake na koti lake la kung'aa kama la polisi wa barabarani. Mtu anayesema "shule". Kiswahili chake mpaka leo kina vumbi la bara.

Zeyana akasema Baba usione vibaya, njia huijui, Kiingereza chako kidogo, na huishi kugombana na watu. Nikamwambia mimi sigombani na mtu hata siku moja, wao ndio wanaogombana na mimi. Nikapiga meza kutilia nguvu. Kikombe kikaruka, chai ikamwagikia Abdulsamad mapajani. Akasema mzee, ndiyo umeshaanza hivyo.

Nikawakumbusha mimi ni nani. Unguja nilikuwa natembea usiku wa kiza bila ya taa, vichochoro vyote vya Mji Mkongwe vinanijua kwa kikohozi. Sijapata kupotea ila mara chache, na hizo nilipotezwa na watu.

Thuwaiba akanishika kidole, akasema kwa Kiingereza chao kuwa anamtaka Babu. Kiingereza hicho nilikielewa chote.

Uamuzi: najaribiwa wiki hii. Ijumaa watoto wapya wanakwenda kuonana na mwalimu. Nikimpeleka na kumrudisha bila ya kesi, kazi ni yangu mwaka mzima. Ikizuka kesi, ni ya Balbir.

Kesi! Mimi na kesi wapi na wapi?

Jumanne, 29 Agosti

Mazoezi ya njia. Zeyana alitaka kunitilia ramani kwenye simu. Nikakataa. Ramani ni ya watu wasio na macho. Jana jioni Abdulsamad alinipitisha njia mara moja, nikaweka alama zangu kichwani. Kwenye gari jekundu, kushoto. Kwa paka wa rangi ya manjano aliyekaa ukutani, kulia. Kisha moja kwa moja.

Leo gari jekundu halipo. Limekwenda kazini, kama kila mtu katika nchi hii.

Sikubabaika. Nikaenda mbele mpaka nikalipata gari jekundu. Kushoto. Nikapata jengine. Kushoto tena. Kumbe Ilford magari mekundu yamejaa tele. Paka nilimwona, Mungu shahidi, lakini na yeye alikuwa safarini. Tukamfuata. Thuwaiba alifurahi sana. Paka akapenya chini ya ua, sisi tukabaki mbele ya jumba moja safi, pazia zimeteremshwa, maua mlangoni. Nikasema skuli nzuri hii, ina utulivu.

Tukaingia. Bwana mmoja mwenye suti nyeusi akanipokea kwa mikono miwili. Akanikalisha kwenye kiti laini. Akaniletea maji. Nikaona hawa wanajua kuheshimu wazee. Akaniuliza kwa sauti ya chini jambo nisilolifahamu, nikamjibu yes. Akaniuliza jengine, nikamjibu yes. Akanipa pole, akanifungulia picha za masanduku, ya mbao nyeusi na ya mbao nyeupe, yana vishikio vya shaba.

Hapo ndipo nikajua tupo kwa wazika maiti. Nilikuwa nimeshakubali la mbao nyeusi.

Thuwaiba ndiye aliyeturudisha nyumbani. Alinivuta kwa kidole, kila pembe akisema huku Babu, huku, kwa Kiingereza, kama anayemkokota mbuzi. Mlangoni Balbir anakata maua yake. Akaniuliza, mzee Mcha, mmetoka wapi na jua hili? Nikamwambia matembezi. Thuwaiba akamweleza yote. Yote! Mpaka vishikio vya shaba.

Balbir akasema pole kwa msiba. Mshenzi huyu.

Jumatano, 30 Agosti

Leo nimepewa kazi ya kalamu. Skuli wanataka kila nguo ya mtoto iandikwe jina: sweta, sketi, koti, mpaka soksi. Zeyana kaniachia kalamu ya wino usiofutika, akaniuliza utaweza Baba? Aniulize mimi! Mwalimu wangu wa chuoni, chuo cha Kurani, alikuwa akiwaonyesha wenzangu ubao wangu. Kweli alikuwa akiwaonyesha ili wasiandike hivyo, lakini aliuonyesha.

Nikaandika. Hati nzuri, imelala vizuri, nukta kila mahali pake. Zeyana karudi, akainua sweta, akaligeuza juu chini. Akasema Baba, umeandika kwa herufi za Kiarabu. Nikamwambia naam, jina ni la Kiarabu. Akasema mwalimu Mwingereza ataisoma vipi? Nikamwambia na ajifunze, si ni mwalimu?

Nikaandika upya kwa herufi zao. Jina refu hili! Kwenye sketi liliingia. Kwenye koti liliingia kwa kubanana. Kwenye soksi halikuingia. Fundi hashindwi. Nikaligawa: soksi ya kushoto THU, soksi ya kulia WAIBA. Zikiwa miguuni pamoja mtu anasoma jina kamili. Nani mwengine angefikiri hilo?

Zeyana akazianika nje wino ukauke. Jioni Balbir akanigongea mlango. Ameishika soksi moja, imepeperushwa na upepo mpaka kwake. Uso wake mzito kama hakimu. Akasema mzee, tumekaa jirani miaka mingi, kama una neno na mimi niambie kwa mdomo, usinitumie soksi. Nikamwuliza neno gani? Akanionyesha. WAIBA. Akasema mimi naiba nini yako?

Nikamweleza ni kipande cha jina. Akauliza kipande kingine kiko wapi. Soksi ya THU hatukuiona tena. Balbir akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Akasema mtoto ataingia shule na mguu mmoja unawatukana watu. Kwa hilo hakukosea, lakini sikumwambia.

Zeyana kanunua soksi nyengine. Kaziandika mwenyewe.

Alhamisi, 31 Agosti

Kesho ndiyo siku. Nimefikiri kama jemadari. Balbir ana mwavuli, ana koti la kung'aa, ana Kiingereza. Mimi nina nini? Mimi nina adabu ya kwetu. Kwetu mtoto hapelekwi kwa mwalimu mikono mitupu. Nilipotiwa chuoni mimi, baba yangu alibeba sinia la bisi na halua, akanikabidhi kwa mwalimu kwa maneno yake maalumu. Sasa mwalimu wa Thuwaiba ataanzaje kumpenda kama hajatiwa halua mdomoni?

Na halua naijua mimi. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha halua tangu ujana. Kazi yangu ilikuwa kupuliza moto na kukwangua masufuria, lakini macho yalikuwa yanatazama.

Wanga, sukari, samli, iliki, zafarani ya Zeyana aliyoificha. Nikakoroga. Halua haitaki kuachwa, ukiiacha inakasirika. Niliiacha kidogo nikaenda kutazama kama Balbir anachungulia. Iliposhika chini, kengele ya moshi ikaanza kupiga kelele nyumba nzima. Abdulsamad, aliyekuwa amelala baada ya zamu ya usiku, akashuka na taulo kiunoni, akapanda kiti, akaipigapiga kengele kwa ufagio. Taulo likaanguka. Dirisha lilikuwa wazi. Balbir alikuwa anachungulia.

Mchana Zeyana akapiga simu kutoka kazini. Akasema Baba, nimesikia unapika halua, sikiliza vizuri, skuli hawataki njugu hata punje moja, wapo watoto wakinusa tu wanavimba koo. Nikamwambia mwanangu, halua gani inayotiwa njugu? Sisi si watu wa kutia njugu katika halua. Akasema alhamdulillahi, akakata simu.

Njugu sikutia. Nimetia lozi. Na korosho juu, kwa pambo.

Imetoka nyekundu, inang'aa, inatetemeka kama inaona baridi. Ya chini iliyoungua nimeigeuza upande wa juu, nimeifunika kwa korosho.

Ijumaa, 1 Septemba

Nimefaulu! Naandika na kanzu yangu bado mwilini, sitaki kuivua.

Njia kwanza. Leo sikutegemea magari wala paka. Nilimtegemea Balbir, naye anampeleka wa kwake kwa mwalimu mpya. Nikangoja atoke, nikamfuata kwa mbali, Thuwaiba mkono mmoja, sinia mkono mwengine, akigeuka najificha nyuma ya mti. Miti ya Ilford myembamba. Pembe ya pili akasimama akaniambia mzee, njoo tutembee pamoja, hiyo halua yako naisikia harufu tangu mlangoni. Nikamwambia njia ya serikali, kila mtu anapita. Nikampita. Kisha nikasimama kufunga kiatu ili anipite tena, kwa sababu pembe inayofuata nilikuwa siijui.

Mwalimu jina lake Miss Ann. Kijana mno. Nilimwuliza mwalimu yuko wapi, akasema ni yeye. Viti vyao vya watoto. Nikakaa, kikaingia sawasawa na mimi, kama kimeshonwa.

Nikafunua sinia. Akauliza ndani mna nini. Nikamjibu kwa kujiamini, nati no! Almondi tu, na korosho. Alinielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Akarudi nyuma hatua. Akaja mama mmoja amevaa glavu, akalichukua sinia amenyoosha mikono, kama amebeba nyoka, na madirisha yakafunguliwa yote. Nikaona wanampelekea mwalimu mkuu kwanza. Sawa, mkubwa aanze.

Ikabaki kukabidhi. Nikasimama. Kiti kikasimama na mimi. Nikakumbuka baba yangu siku ile: alimwambia mwalimu nyama ya mtoto huyu ni yako, mimi nirejeshee mifupa tu. Maana yake mfunze, mtie adabu, nimekuamini mpaka mwisho. Mwalimu wangu alitoa machozi. Mimi pia nilitoa, lakini baadaye, na kwa fimbo.

Nikalitafuta kwa Kiingereza. Nikasema: Ticha, mit yozi, bonz maini.

Hakufahamu. Nikamshika Thuwaiba mkono, nikambana nyama, nikamwonyesha Miss Ann. Nikagusa kiwiko cha mtoto, nikajipiga kifua. Akageuka rangi. Akaniomba nirudie. Nikarudia kwa sauti zaidi, na nikaongeza ishara ya fimbo, asije akafikiri sisi ni watu wa kudekeza.

Akachukua kalamu akaandika! Kila neno! Akaniuliza jina langu na herufi zake. Tangu nije Uingereza hakuna mtu aliyeandika neno langu hata moja.

Kiti walinitoa wawili. Nikarudi nyumbani nimenyooka. Wa kumpeleka skuli ni mimi.

Jumamosi, 2 Septemba

Si mimi.

Skuli walimpigia Zeyana simu jana jioni. Alisikiliza amesimama. Kisha akakaa. Kisha akaniangalia kama anavyoangalia wagonjwa. Skuli wana kazi ya kulinda watoto. Mzee mmoja amekuja na sinia la lozi, akambana mtoto mkono, akasema mwalimu ale nyama na yeye arejeshewe mifupa, kisha akafanya kama anapiga mtu. Wanauliza nyumbani kuna nini. Jumatatu tunaitwa, mimi na yeye. Mpaka hapo mzee asimlete mtoto.

Nikamwambia Zeyana hayo ni maneno ya heshima, hata yeye aliwahi kukabidhiwa hivyohivyo. Akasema Baba, mimi najua, wewe unajua, pale nani anajua? Akacheka kidogo. Kisha akalia kidogo. Kisha akaenda kupanga na Balbir.

Hilo ningeweza kulivumilia. Mimi ngozi yangu ngumu. La pili silo.

Thuwaiba hataki kuvaa sare. Amejifungia chooni. Nikakaa nje ya mlango, nikamwuliza una nini mama? Akaniuliza Miss Ann atamla lini. Siku ya kwanza au baadaye? Akauliza kama mifupa nitaibeba kwenye mkoba wake mpya au itabidi ninunue mwengine. Kiswahili chake chote alikitoa leo, kumwuliza babu yake hayo.

Nikamwambia mwalimu hali watoto. Akasema mbona Babu ulimwambia ale.

Nikatazama kitasa cha mlango. Mimi, mwenye majibu ya kila kitu.

Nimekaa mlangoni pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mtoto huyu akiogopa skuli mwaka mzima, ni mimi. Si Balbir, si Waingereza. Ni mdomo huu.

Jumapili, 3 Septemba

Nimepanga mipango, yote imevunjika.

Kwanza: suti. Nikavaa ya Abdulsamad, nifanane na mtu wa kuaminika. Mikono mirefu, kiuno hakifungi. Nilijitazama kwenye kioo, nikafanana na yule bwana wa masanduku.

Pili: hotuba. Nikajifunza mbele ya kioo, nasema samahani kwa Kiingereza, natabasamu. Abdulsamad akapita akasema mzee, ukitabasamu hivyo watamwita polisi.

Tatu: Thuwaiba. Nikamwahidi peremende, vibanzi, samaki wa dhahabu kwenye chupa. Akachukua peremende. Sare hajavaa.

Jioni Balbir akaja. Nilijua kaja kusherehekea. Alisimama mlangoni na koti lake la kung'aa limekunjwa mkononi, akasema Zeyana kamwomba ampeleke mtoto, lakini kabla hajasema ndiyo anataka kusikia kwangu mwenyewe: niliwaambia nini skuli? Nikaona ndiyo, anataka nijitie aibu kwa mdomo wangu. Nikamwambia. Nyama yake, mifupa yangu. Haya, cheka.

Alicheka. Alicheka mpaka kilemba kikaenda upande. Akajaribu kusema neno, akashindwa, akacheka tena, akashika ukuta. Akaniuliza kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, mzee, mifupa? Mifupa kweli?

Nikamfungia mlango usoni. Nikamsikia anacheka mpaka kwake.

Jumatatu, 4 Septemba

Nieleze kwa utaratibu, kichwa kinazunguka.

Tulikwenda mimi, Zeyana na Thuwaiba. Nilivaa kanzu, suti ilikataa. Mwalimu mkuu mwanamke mrefu, miwani imening'inia kifuani. Miss Ann pembeni. Mimi nimepewa kiti kikubwa, nadhani kwa sababu za usalama. Zeyana akaeleza. Alieleza vizuri, lakini kila alipofika kwenye mifupa, mwalimu mkuu aliandika. Akasema anaheshimu mila zetu. Kisha akauliza je, mtoto anapigwa nyumbani? Zeyana akasema hapana. Mimi nikasema yes, nilidhani ameuliza kama mtoto anapendwa.

Hapo nilikwisha. Niliwaona macho yao. Thuwaiba amejificha nyuma ya kanzu yangu, ameishika kwa ngumi mbili, na mimi nafikiri huenda ndiyo mara ya mwisho kumleta mahali popote.

Mlango ukagongwa. Balbir. Hakuitwa na mtu. Amevaa tai! Hapo wanamjua, kila mtu alimwamkia. Akaomba ruhusa ya neno moja. Nikafumba macho.

Akawaambia hivi, Zeyana akinitafsiria sikioni. Alipokuwa mtoto Nakuru, baba yake alimshika mkono akampeleka kwa mwalimu wa kwanza, Singh mwenzao, mzee mwenye ndevu mpaka tumboni. Na baba yake akamwambia mwalimu kwa Kipunjabi: ngozi yako, mifupa yetu. Palepale! Neno lilelile, ila sisi tunatoa nyama na wao wanatoa ngozi. Akasema jana alicheka kwa sababu hakulisikia neno hilo tangu baba yake afe, na kulisikia kwa mzee huyu, mlangoni, ilikuwa kama baba yake amegonga. Akasema maana yake si mpige. Maana yake ni kuwa sina kitu cha thamani kuliko hiki, na nimekupa wewe.

Miss Ann akajifuta macho. Mwalimu mkuu akavaa miwani, akavua.

Ningenyamaza ingekwisha hapo. Lakini nikaona Balbir anachukua sifa zote. Nikaongeza kuwa fimbo zinasaidia, mtazameni Balbir, wamempiga na kapata akili. Zeyana alinikanyaga mguu nikameza ulimi. Bahati, nilisema kwa Kiswahili. Balbir akaulizwa nimesema nini, akajibu mzee anashukuru.

Kisha Miss Ann akainama chini mpaka usawa wa Thuwaiba. Akamwambia yeye hali nyama kabisa. Tangu utotoni. Si ya kuku, si ya ng'ombe, si ya mtu yeyote. Anakula mboga na maharage. Thuwaiba akamtazama sana. Akamwuliza, hata kidogo? Akasema hata kidogo. Mtoto akaachia kanzu yangu.

Wameamua: naweza kumpeleka. Lakini nikiwa pamoja na Balbir, mpaka mapumziko ya nusu muhula, waone mwenendo wangu. Nimewekwa chini ya ulinzi wa fundi bomba.

Nje Balbir akasema karibu shuleni, mzee. Nikamwambia inaitwa skuli.

Jumatano, 6 Septemba

Siku yenyewe. Nyumba ilikuwa gulio. Zeyana kapiga picha mlangoni, kachelewa zamu, kaondoka na mkate mdomoni. Abdulsamad karudi mara mbili kumbusu mtoto, mara ya tatu kachukua funguo.

Tukatembea wanne. Balbir mbele, mjukuu wake, Thuwaiba, mimi. Balbir akinionyesha pembe kwa mwavuli, mimi nikijifanya naelekea huko tangu zamani. Gari jekundu lilikuwepo leo. Nilitaka kulipiga teke.

Getini nilikuwa na maneno ya kumwambia Thuwaiba, mazuri, niliyatunga kitandani. Hakungoja. Aliachia kidole changu, akaingia na mkoba wake mkubwa kuliko mgongo, hakugeuka nyuma. Hata mara moja! Nikabaki nimenyoosha kidole kama mjinga. Kidole kilikuwa bado na joto lake.

Upepo wa Ilford una vumbi jingi. Balbir naye vumbi lilimwingia. Tulisimama kwenye uzio tukipangusa vumbi, kila mtu akitazama upande wake, mpaka mama wa geti akatwambia tukanywe chai.

Tumekunywa chai kwake. Chai yake nzuri. Sitaandika tena hilo.

Ijumaa, 8 Septemba

Siku ya tatu ya ulinzi. Imetosha. Balbir ananisahihisha namna ya kuvuka barabara, mbele ya watoto. Mimi! Nusu muhula mbali sana. Nahitaji mwalimu mkuu anione mwenyewe, nisimame peke yangu, ajue ni mtu gani aliyemfunga kamba.

Na Mungu kaileta. Asubuhi getini wametangaza wanatafuta mababu na mabibi wa kuwasimulia watoto hadithi za kwao, Jumatatu, ukumbini. Balbir akakuna ndevu, anafikiri. Mimi nilikwishainua mkono. Mikono yote miwili.

Nitawapa hadithi ya zimwi. Zimwi anayemeza watoto wa mji mzima, mmoja mmoja, na sauti zao zote nitazifanya. Watalia, lakini hadithi nzuri ndivyo ilivyo. Mwisho shujaa anamkata zimwi kidole kidogo, watoto wote wanatoka wazima. Hapo ndipo penye utamu. Thuwaiba atakuwa zimwi, nimeshamfundisha kunguruma. Mtoto hodari, jana kamtisha mleta barua.

Abdulsamad kasema mzee, tumia kisu cha karatasi, watachekelea. Yeye anajua nini cha usimulizi? Karatasi haitishi mtu, na asiyetishika hasikilizi. Nimechukua kile kikubwa cha jikoni cha Zeyana, cha kukatia mbuzi wa Idi. Nimekinoa mpaka kinanyoa ndevu. Nimekifunga kwa taulo, kipo ndani ya mkoba wa Thuwaiba ili Balbir asikione.

Mwalimu mkuu kaahidi kukaa mstari wa mbele.